Kuifunza Redio Kunyamaza

Redio ya bendi moja ni mateka wa saa. Ukiwa Nairobi na seti ndogo ya mita 40, yaani ile inayofanya kazi kwenye megahezi 7, mchana utazungumza na Mombasa, Arusha au Dar es Salaam bila taabu kubwa, kwa sababu mawimbi ya masafa hayo hupanda karibu wima, yakakutana na tabaka la anga lililochajiwa na jua, yakarudishwa chini ndani ya kilomita mia chache. Jua likizama, tabaka hilo hubadilika tabia. Dar hufifia, na mahali pake huja Ulaya, huja vituo vikubwa vya matangazo vinavyofunika kila kitu, na wati zako 5 hubaki kama hazipo. Anayetaka kuzungumza na India saa nane mchana hana budi kupanda hadi megahezi 14 au 21. Anayeitaka Dar usiku huenda akalazimika kushuka hadi 3.5. Anga ina ratiba yake na haimsubiri mtu.

Ndipo mwenye redio ndogo huanza kuitazama kwa jicho jingine. Hivi haiwezi kuongezewa bendi moja tu?

Swali hilo huulizwa na vijana wanaoanza redio ya ridhaa, na huulizwa pia na wazee wasiokumbuka tena wana redio ngapi kabatini. Jibu la haraka ni kwamba inawezekana. Jibu la polepole ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu kadiri ninavyokaa mezani na chuma cha kulehemu ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kazi ya kuipanua redio, karibu yote, ni kazi ya kuizuia. Kuifikisha kwenye masafa mapya ni jambo la jioni moja. Kuhakikisha kwamba ikiwa huko haigusi kwingine popote ndiko kunakomaliza risasi ya kulehemia na usingizi.

Seti ninayoizungumzia ina ukoo. Mwaka 2003 Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, anayejulikana hewani kwa alama ya VU2ESE, alichora redio ya kupokea na kurusha sauti kwenye megahezi 14, yenye wati zipatazo 6, akaiita BITX. Aliichora kwa vipuri ambavyo mtu wa India angevipata dukani kwa bei nafuu au akavikwanyua kwenye televisheni iliyokufa. Koili ya osileta aliizungushia juu ya washa ya nailoni ya bomba la maji. Transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi hadi kwenye antena, ilikuwa IRF510, ambayo haikuundwa kwa ajili ya redio kabisa. Kazi yake ya kuzaliwa ni kuwasha na kuzima umeme ndani ya mitambo ya kugeuza volti. Wapenzi wa redio waliipenda kwa sababu ni rahisi na haifi upesi. Njia ya ndani, pamoja na chujio lake la kristali, hutumika kwenda na kurudi, hivyo huhitaji kujenga redio mbili ndani ya sanduku moja.

Fundi wa Luthuli Avenue ya Nairobi au wa Kariakoo ya Dar hana haja ya kuelezwa orodha ile ya vipuri. Anavijua vyote, na anajua vimelala kwenye droo ipi.

Farhan huyohuyo ni mmoja wa waanzilishi wa Lamakaan, ukumbi wa utamaduni uliofunguliwa Hyderabad mwaka 2010, ambako watu huenda kwa tamthilia, mashairi, muziki na mabishano. Naona ukoo mmoja kati ya ukumbi ule na redio hii. Michoro yake yote iko wazi, na anayeinunua ni kana kwamba ameruhusiwa kuifanya atakavyo. Ilipotoka BITX40 mwaka 2016, ubao wa megahezi 7 unaofika ukiwa tayari umejazwa vipuri, mnunuzi akiachiwa kuunganisha maikrofoni, spika, betri na sanduku, watu walianza kuichokonoa kabla hata ya kuizoea. Wengi walitaka kitu kimoja: bendi nyingine.

Zamani kikwazo kilikuwa osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio. Tazama redio za mawimbi mafupi za nchi zetu, ambazo hazikuanza kama mchezo. AMREF, shirika la afya lililoanzishwa mwaka 1957, liliunganisha hospitali za mbali na Nairobi kwa redio kama hizo, daktari akipewa maelezo ya mgonjwa hewani na ndege ikiandaliwa Uwanja wa Wilson. Mashariki ya Kongo watu wangali wanaikumbuka foni ya parokia na ya soko, iliyopeleka salamu za msiba na bei ya bidhaa kabla ya minara ya simu. Redio za kizazi kile mara nyingi zilikuwa na kristali moja kwa kila chaneli. Kuongeza masafa kulimaanisha kuagiza kristali nyingine, iliyokatwa kwa kipimo hicho na si kingine, na kuisubiri. Aliyetumia koili na kapasita badala ya kristali alipata uhuru wa kuzungusha kitufe, na pia alipata masafa yanayoteleza kila chumba kinapopata joto.

Leo kuna kichipu kidogo kuliko punje ya mchele kiitwacho Si5351. Kinaweza kutoa mawimbi kuanzia kilohezi 8 hadi megahezi 160, na masafa yake hupangwa kwa mistari michache ya programu. Muda mfupi baada ya kutoka, BITX40 ilianza kuja nacho kwenye ubao mdogo pamoja na Arduino, kompyuta ndogo ya kuliendesha. Ukitaka iende 14, unabadilisha namba. Ukitaka 21, unabadilisha namba nyingine. Hapa ndipo wengi hudanganyika: skrini inaonyesha 14.200, spika inatoa mngurumo, na mtu anadhani amepata bendi. Alichopata ni osileta iliyo tayari kwenda mahali ambapo redio nzima haijajiandaa kwenda.

Ndani ya BITX40 kila kitu huzunguka namba 12. Kuna chujio la kristali lililosimama kwenye megahezi 12, na kila sauti inayotoka kwenye antena lazima iletwe hapo kwanza. Ukitaka 7, osileta hutoa 5, maana 7 na 5 ni 12. Ukitaka 14.2, hesabu inakupa njia mbili. Osileta ikitoa 2.2, basi 14.2 kutoa 2.2 ni 12. Ikitoa 26.2, basi 26.2 kutoa 14.2 ni 12 vilevile. Kwenye karatasi hakuna tofauti. Hewani tofauti ni kubwa. Njia ya 2.2 huingiza pia kituo chochote kilichoko 9.8, kwa kuwa 9.8 na 2.2 nazo ni 12, na 9.8 iko katikati ya mtaa wa vituo vya matangazo vya mita 31, vyenye nguvu za kutisha. Njia ya 26.2 huingiza kilichoko 38.2, mbali sana, na chujio la kawaida la mlangoni humfukuza mgeni huyo bila jasho.

Njia hiyo ya pili ina zawadi ndani yake. Kwa mazoea ya dunia nzima, sauti kwenye megahezi 7 hurushwa kwa upande wa chini wa wimbi, na kwenye 14 kwa upande wa juu. Osileta inapokuwa juu ya masafa unayoyataka, kutoa huko hupindua sauti, cha chini kikawa cha juu. Kwa hiyo ukichagua 26.2 unapata upande sahihi bila kuongeza hata resista moja. Mambo kama haya ndiyo hunifanya niipende kazi hii kuliko mazungumzo yenyewe ya hewani, ambayo, tuseme ukweli, mara nyingi ni hali ya hewa na magonjwa ya mgongo.

Lakini namba hiyohiyo inayotoa zawadi huweka mwiko. Kila redio ya aina hii ina mahali isipoweza kwenda, napo ni pale inapoishi. BITX ya kwanza, ile ya 2003, chujio lake la kristali lilikuwa kwenye megahezi 10. Bendi ya mita 30 inaanza 10.1. Ukijaribu kuipeleka huko, ishara ya antena na ishara ya ndani ya redio zinakuwa jirani kiasi kwamba hakuna koili ya mkono itakayozitenganisha. Sauti itaruka moja kwa moja hadi ndani bila kupita njia iliyowekewa. Unaweza kuiongezea bendi nyingi, lakini hiyo moja itabaki mbali nayo mpaka ung'oe moyo wake na kuuweka mwingine. BITX40, iliyojengwa kwenye 12, inaweza kwenda 10.1, ingawa kwa uangalifu.

Tuje kwenye vichujio, maana ndiko kazi iliko. Kwenye redio ya kurusha viko viwili vinavyohusu bendi. Cha kwanza kiko mlangoni, huruhusu kipande cha masafa na kukataa cha chini yake na cha juu yake. Cha pili kiko mwishoni kabisa, kati ya transista ya nguvu na antena, nacho hufanya kama kifumbu: tui lipite, machicha yabaki. IRF510 moja inaposukuma megahezi 7.1 haitoi 7.1 pekee. Hutoa pia harmoniki zake, yaani 14.2, 21.3, 28.4 na kuendelea, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia, lakini zote zipo. Chujio la mwisho ndilo linalozila. Sasa fikiria umeipeleka redio 14.2 huku chujio la 7 likiwa bado mahali pake: redio itapiga kelele ndani, transista itapata joto, na antena haitapata kitu. Fikiria kinyume chake, umeweka chujio la 14 na kuliacha hapo hata unaporudi 7: kila kitu kitaonekana kizuri, watu watakusikia vizuri sana kwenye 7.1, na watu wengine watakusikia kwenye 14.2 bila ya wewe kujua. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halimuumizi mwenye redio.

Ndiyo maana kila bendi mpya hudai chujio lake, na kila chujio hudai koili zake. Hizi huzungushwa kwa mkono, waya wa shaba wenye vanishi, juu ya pete ndogo za unga wa chuma ulioshindiliwa. Pete nyekundu hupendelea masafa ya chini, takriban hadi megahezi 10. Za njano hukubali juu zaidi. Watu hukwanyua pete za njano na nyeupe kutoka kwenye pawa saplai za kompyuta za zamani wakidhani wameokota dhahabu, kumbe zile ni za mchanganyiko mwingine, na kwenye mawimbi mafupi hula nguvu na kuigeuza joto. Kwenye pete ya njano ya T37-6, mikrohenri 1 huhitaji mizunguko kama 18. Mtu anapohama kutoka 7 kwenda 14 hujua kwamba thamani ya koili inakatwa nusu, akakata na mizunguko nusu, akaweka 9. Haifanyi kazi. Thamani ya koili huenda na mraba wa mizunguko, kwa hiyo nusu mikrohenri inataka mizunguko kama 13. Na mzunguko huhesabiwa kila waya unapopita ndani ya tundu, hata ukipita mara moja tu bila kuzunguka kitu. Nimeona watu wazima wenye shahada wakibishana juu ya hilo hadi chai ikapoa.

Kuna historia inayosaidia kuelewa uzito wa vichujio hivi. Bendi za zamani za ridhaa zilipangwa kwa kuzidishana: 3.5, 7, 14, 28, na baadaye 21 ikaingia katikati. Uchafu wa 7 ukivuja huangukia 14, 21 na 28, yaani uani kwa wenyewe. Mwenye kosa huwaudhi wenziwe kwanza, nao watamwambia kwa maneno makali. Kisha mwaka 1979, kwenye mkutano wa Geneva, wapenzi wa redio walipewa vipande vitatu vipya, kwenye 10, 18 na 24. Vipande hivi haviko kwenye ngazi ile. Harmoniki ya 10.1 huangukia 20.2, na ya 18.1 huangukia 36.2, masafa ya watu wengine kabisa, wasiojua kwamba wewe upo. Anayeongeza bendi ya mita 30 kwenye redio yake, kwa hiyo, anajenga chujio kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Hewani kuna watu wengi wa namna hiyo. Rubani anayekatiza Bahari ya Hindi hadi leo huita kituo cha ardhini kwa mawimbi mafupi, kwenye kilohezi 8,879 kwa mfano, mahali ambapo mnara wa simu hautafika kamwe.

Nimewahi kuambiwa kwamba wati 5 ni kitu kidogo mno kumsumbua yeyote. Hoja hii husikika ya kiungwana, na anayeisema mara nyingi ni mtu mnyenyekevu. Jibu lake liko hapahapa kwetu. Kuna mtandao wa bikoni 18 duniani, yaani vituo vya kurusha ishara za kupimia anga, ulioanzishwa na Northern California DX Foundation pamoja na IARU, muungano wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa, na kimojawapo cha vituo vyake ni 5Z4B cha Kenya, kinachoangaliwa na chama cha wapenzi wa redio wa nchi hiyo. Bikoni hizi hupokezana kila sekunde 10, na duru nzima huisha kwa dakika 3. Kenya huingia mara tu baada ya Afrika Kusini. Kituo kikipata zamu yake, hutuma alama yake kwa Morse kwenye 14.100 kwa wati 100, kisha mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu 1 ya 10 ya wati. Halafu kinahamia 18.110, kisha 21.150, 24.930 na 28.200, kila masafa kwa wakati wake. Anayesikiliza mbali huhesabu mistari. Anga ikiwa nzuri, husikia yote minne.

Sehemu moja ya kumi ya wati, kutoka Kenya, ikasikika bara jingine. Huo ndio ushahidi ambao wapenzi wa nguvu ndogo huutumia kujitia moyo, na wana haki. Kati ya wati 100 na wati 5 kuna desibeli 13 tu, ambazo kwenye mita ya redio ya msikilizaji ni alama mbili na kitu. Ila ushahidi huohuo hugeuka ukawashtaki. Redio ya wati 5 yenye chujio bovu inaweza kabisa kutoa moja ya kumi ya wati mahali isipotakiwa. Ikiwa mstari wa nne wa bikoni hufika Ulaya, na uchafu wako utafika. Sheria ya Marekani hutaka uchafu wa namna hii, kwenye mawimbi mafupi, uwe chini ya ishara yenyewe kwa desibeli 43, yaani sehemu 1 kati ya 20,000 hivi. Kwa wati 5 hiyo ni robo ya miliwati. Chujio la koili mbili halitoshi. Tatu, zikipangwa vizuri, hutosha.

Hata Farhan mwenyewe alipita njia hii. Mwishoni mwa 2017 alitoa uBITX, redio inayokwenda megahezi 3 hadi 30, bendi zote kwenye ubao mmoja kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuiota. Watu waliinunua kwa shangwe. Mwaka 2018 wenye vipimo vizuri wakaanza kuipima na kukuta harmoniki zimezidi. Vichujio vyenyewe vilikuwa sahihi kwenye karatasi. Tatizo lilikuwa relei zinazovichagua: njia ya kuingilia na ya kutokea zilipita karibu mno, na ishara chafu, badala ya kupita ndani ya chujio, iliruka pembeni yake. Mabishano yalikuwa marefu, na mazuri kwa kiasi kikubwa. Toleo la baadaye lilipangwa upya. Nafikiri kipindi hicho kiliwafundisha wapenzi wa redio za bei nafuu zaidi ya vitabu vingi. Kuwa na chujio ni jambo moja. Kuilazimisha ishara ipite humo, isiwe na njia nyingine yoyote ya panya, ni jambo jingine, na hapo nafasi ya milimita chache kati ya waya na waya ina uzito kuliko ubora wa koili.

Kuna pia makatazo ambayo hayachorwi kwenye ubao. Skrini ya BITX40 huvuka 7.200 bila kusita, na huko Amerika bendi inaishia 7.300. Kwetu, katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kanda yenye Afrika na Ulaya, inaishia 7.200; na hata hiyo ni neema ya 2009, maana kabla ya hapo tulikuwa na mwisho wa 7.100. Juu yake ni matangazo. Redio haijui iko nchi gani. Itarusha popote utakapoizungusha, kwa utii uleule. Mstari wa programu wa kuizuia isivuke 7.200 ni mfupi kuliko sentensi hii, na nawashangaa wanaoiacha bila mstari huo.

Kwa upande mwingine kuna ruhusa ambazo watu wetu hawazijui. Mpango wa bendi wa IARU kwa Kanda ya 1 huitenga mita 30 kwa Morse na data, sauti haitakiwi. Lakini ndani yake kuna sentensi moja iliyoandikwa kwa ajili yetu: kati ya 10.120 na 10.140, sauti inaweza kutumika katika Afrika iliyo kusini mwa ikweta, saa za mchana. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii 1 na ushee. Tanzania nzima iko kusini, Rwanda na Burundi pia. Eldoret iko kaskazini kwa nusu digrii, na Kampala nayo iko kaskazini kidogo. Kwa hiyo mpenzi wa redio wa Machakos anaweza kumwita wa Iringa kwa sauti kwenye 10.130 saa sita mchana akiwa ndani ya mpango, na mwenziwe wa Eldoret, mwenye redio ileile na leseni ya nchi ileile, akatakiwa kugonga Morse. Huu ni mpango wa hiari na si sheria. Leseni ndiyo yenye neno la mwisho, na ya Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, ya Tanzania na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Hata hivyo ndio ulionifanya nipange bendi ya mita 30 mapema kuliko 21, ambayo kila mtu hunishauri.

Kwa upande wa amplifaya sina mengi. Redio za bendi moja za Morse kama QCX, aliyoichora Hans Summers na kuitoa mwaka 2017, hutumia transista tatu ndogo za BS170 zinazopigwa kwa mtindo wa daraja la E, ambao hugeuza karibu umeme wote kuwa mawimbi, hata zisihitaji chuma cha kupoza. Sharti lake ni koili iliyopimwa kwa bendi hiyo hasa. Ukitaka amplifaya ikubali bendi zote, na ibebe sauti bila kuikwaruza, unarudi kwenye mtindo wa upole zaidi, na karibu nusu ya umeme wa betri huishia kwenye chuma cha kupoza. Upana hulipiwa kwa joto. Kwa mwenye sola paneli moja na betri ya pikipiki, hiyo ni hesabu ya kila siku.

Seti yangu sasa ina 7, 10.1 na 14, kila moja na vichujio vyake viwili na relei zake, zikitenganishwa na vipande vya bati lililochomewa ardhini. Ninapoipima kwa tinySA, kile kipimo kidogo cha kiganjani kilichowarahisishia maskini kazi iliyokuwa ya maabara, situmii antena. Naunganisha resista za omu 50 zinazomeza wati zote 5 zikawa joto, kisha natazama vilima kwenye skrini: kimoja kirefu pale kinapotakiwa, na vingine vyote vifupi. Siku ya kupima ndiyo siku ambayo redio haiongei na mtu yeyote, na ndiyo siku ninayoiamini zaidi.

Rafiki yangu wa Mombasa haridhiki. "Bwana, weka na 28," ananiambia kila tukikutana hewani. "Jua liko juu sasa. Ukingoja, utaikuta imelala." Ana hoja. Mwezi wa Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika kwenye kipindi chake cha kilele, na mzunguko wake ni wa miaka kama 11. Baada ya kilele bendi za juu hufifia mwaka hadi mwaka, ijapokuwa sisi wa karibu na ikweta hubakiwa nazo muda mrefu kuliko watu wa kaskazini. Angeweza kuongeza kwamba 28 hutaka koili ndogo, waya mfupi wa antena, na kwamba wati 5 huko, anga ikifunguka, hufika popote. Yote ni kweli. Ila IRF510 huchoka ikifika huko. Mlango wake wa kuingilia una pikofaradi 180 hivi, ambazo kwenye 7 hazisumbui sana na kwenye 28 humeza karibu kila unachokisukuma. Nguvu hushuka, na ukiilazimisha kwa kuongeza mkondo, uchafu ndio unaopanda. Nimemjibu kwamba akitaka 28 anitafutie kwanza transista mbili za kweli za RD16HHF1, maana za bandia zimejaa, na akumbuke kwamba mguu wa katikati wa transista hizo huenda ardhini, ilhali ule wa IRF510 ndio unaobeba umeme wa betri, kwa hiyo ubao itabidi ukatwe.